Naomba ushauri: Bills wako hatua moja kufika Super Bowl, na siku hiyohiyo nina shughuli ya familia

Mwana wa Nyarugusu – Jumatatu, 20/1/2025

Wakuu heshima kwenu. Naishi Buffalo, New York, na toka jana usiku kichwa hakijatulia. Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani: jana Bills tumewatoa Baltimore Ravens 27–25 hapahapa nyumbani, theluji inadondoka. Mwishoni kabisa Ravens walifunga, wakabaki wanataka alama mbili za nyongeza wasawazishe. Mpira ukamfuata mdakaji wao Mark Andrews, mtu ambaye huwa hakosei, ukamponyoka mikononi. Nilikuwepo jukwaani, sauti mpaka sasa haijarudi.

Jumapili hii tarehe 26 tunakwenda Kansas City kwa Chiefs. Atakayeshinda anaenda fainali New Orleans. Hawa jamaa wametutoa Januari 2021, wakatutoa 2022, wakatutoa tena 2024. Ile ya 2022 zilibaki sekunde 13 tukiwa mbele, SEKUNDE 13, wakasawazisha, wakatumaliza muda wa nyongeza 42–36. Sitaki hata kuikumbuka.

Sasa shida yangu: siku hiyohiyo kuna shughuli ya familia Louisville, Kentucky. Mtu akikosa shughuli moja tu ya familia, ni kosa la kufa? Ushauri wa kistaarabu tafadhali.

Kobe wa Temeke

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Otish

Wueh! Wanaume wazima wamevaa helmeti wanakimbiza yai, na mtu anakosa usingizi. Mkuu, rudi kwa mpira wa miguu upone.

Mwana wa Nyarugusu

Otish, ni yai lakini lina akili. Unapewa majaribio manne usogee yadi kumi, ukishindwa mpira ni wa mwenzako. Kila jaribio ni hesabu. Ukielewa hilo tu, umekwisha, hutoki tena.

Msimbazi Damu

Mimi nakuelewa mtoa mada. Niliwahi kukimbia arobaini ya shangazi kwa ajili ya Simba na Yanga. Niliaga naenda kununua vocha. Mechi yenyewe sare, mvua imeninyeshea, na narudi nakuta pilau limeisha. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo nikinyoosha mkono mwenyekiti ananiuliza, "Una salio?" Lakini mbona bado nimo kwenye ukoo? Nenda kwenye mechi yako.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu, "shughuli ya familia" ni neno pana kama bahari. Msiba? Harusi? Kipaimara? Msiba nitakuambia kitu kimoja, sherehe nitakuambia kingine. Sema tukusaidie.

Mwana wa Nyarugusu

Shikamoo Bi Mkubwa. Si msiba. Ni posa tu. Wazee wanapeleka mahari.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba. Posa ya nani?

Mwana wa Nyarugusu

Ya kijana mmoja wa kwetu. Lakini turudi kwenye mada, naomba niwaeleze kwa nini msimu huu si wa kawaida. Kabla haujaanza kila mchambuzi alisema tumekwisha. Mdakaji wetu mkuu, Stefon Diggs, tulimpeleka Houston. Poyer, Tre'Davious White, Morse, nguzo zote zikaondoka. Watu wakasema mrushaji wetu Josh Allen atamrushia nani? Akawa anamrushia yeyote. Leo Shakir, kesho Kincaid, keshokutwa mtu humjui. Tumemaliza 13–4, na nyumbani HATUJAFUNGWA msimu mzima. Novemba Chiefs wamekuja hapa hawajapoteza hata mechi moja ya msimu, tukawapiga 30–21. Jaribio la nne, yadi mbili, kila mtu anadhani tutapiga teke tuchukue alama tatu, Allen kaushika mwenyewe na kukimbia yadi 26 mpaka ndani. Mnaona? Ni mwaka wetu.

Kobe wa Temeke

Mkuu umeandika gazeti zima la mpira, na posa umeipa mstari mmoja. Huyo kijana ni nani?

Mama Fizi

Na mimi nangojea jibu hilo. Ndugu yangu, sisi wa Kongo tunajuana. Nani anatoa dote, yaani mahari, Louisville tarehe 26?

Mwana wa Nyarugusu

Haya. Ni yangu.

Otish

😂😂😂😂 Wacha nivute kiti.

Kobe wa Temeke

Yaani unaomba ushauri kama ukose posa YAKO MWENYEWE?

Mwana wa Nyarugusu

Tusitoane jasho. Tangu lini muoaji akahitajika kwenye posa? Wanaoongea ni wazee. Baba mdogo yupo, mshenga yupo, hela yote nimeshawakabidhi. Mimi nikienda nitakaa kwenye kochi kama mgeni, niangalie zulia saa nne nzima. Kansas City nina kazi ya kufanya: kupiga kelele. Isitoshe tiketi nimeshalipia na gari la wenzangu linatoka Jumamosi alfajiri.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Kumbe umeshaamua, sisi umetuita tukupigie vigelegele. Hata hivyo kwa mila ana hoja. Kwetu Unguja muoaji haonekani siku ya posa, barua inapelekwa na wazee. Mume wangu siku hiyo alikuwa Pemba anauza karafuu, na ndoa imedumu mpaka Mungu alipomchukua.

Mama Fizi

Bi Mkubwa, heshima yako, lakini hiyo ni kwenu. Kwetu siku ya dote wamama wa upande wa binti watauliza, "Bwana yuko wapi tumuone?" Utawajibu yuko uwanjani amejipaka rangi ya bluu usoni? Kaka yangu alichelewa tu, gari liliharibikia njiani, wakamuongezea mbuzi wawili wa faini. Na hapa Amerika mbuzi wanageuzwa dola, tena kwa bei wanayoitaka wao.

Fundi Saa

Jamani tumieni hesabu. Mechi inaanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za Louisville, huku kwetu Morogoro itakuwa saa nane na nusu usiku. Posa saa ngapi?

Mwana wa Nyarugusu

Saa nane mchana.

Mama Fizi

Saa nane ya Kongo 😂 Hapo wageni wataketi saa kumi na moja. Wakifikia kuhesabu soda, hao Chiefs wameshafunga mara mbili.

Mhubiri Kijana

Vijana mmepotea. Jumapili ni siku ya ibada, hakuna mliyemuuliza kama atasali. Mpira umekuwa mungu, mabinti wa watu wanasubirishwa. Tubu.

Msimbazi Damu

Mchungaji, Kansas City nako wanasali sana, hasa zikibaki sekunde 13.

Fundi Saa

Binti mwenyewe anajua?

Mwana wa Nyarugusu

Anajua nina zamu kiwandani.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Hapo sasa nimekushusha. Mila nilikutetea, uongo sikutetei.

Otish

Na ukionyeshwa kwa TV? Hawa huwa wanapenda kuonyesha mafans wakilia.

Jicho la Tatu

Kabla hamjaendelea kumwaga machozi, hii ni CHAI, uongo mtupu. Ingieni kwenye nyuzi zake za zamani. Huyuhuyu mwaka juzi aliomba ushauri akasema ana mke na duka la vipuri Mwanza, mke anamnyima hela ya mtaji. Leo ni kijana wa Buffalo anapeleka mahari Kentucky. Kesho atakuwa rubani.

Kobe wa Temeke

Duuh. Nimeenda kuangalia, kweli ipo. "Mke wangu ananidharau mbele ya wateja."

Mwana wa Nyarugusu

Ile niliandika kwa niaba ya binamu yangu, hana akaunti.

Jicho la Tatu

Binamu. Sawa. Na jana jukwaani ulikuwa wewe au binamu?

Fundi Saa

Kwa haki tu: theluji ilikuwepo kweli, na Andrews kaangusha mpira kweli, nimetazama mpaka alfajiri. Lakini hayo hata mimi wa Morogoro nayajua.

Mama Fizi

Mimi nimempigia dada yangu wa Louisville. Anasema Wakongomani wana sherehe huko kila wikendi, hawezi kujua ni ipi.

Otish

Iwe chai iwe soda, mimi nataka mrejesho.

Kobe wa Temeke – Jumatatu, 27/1/2025

Mtoa mada, tunaona Chiefs 32, Bills 29. Uko hai?

Mwana wa Nyarugusu

Nipo. Tumeibiwa. Robo ya nne ndiyo kwanza imeanza, tuko mbele 22–21, jaribio la nne, imebaki yadi moja haitimii. Allen anajichoma katikati. Mwamuzi wa upande mmoja anakuja ameweka mguu pale mbele, maana yake Allen amevuka! Wa upande mwingine anasimama nyuma. Wakamfuata wa nyuma. Wakarudia kwenye video, wakabaki na uamuzi uleule. Chiefs wakachukua mpira, wakaenda moja kwa moja kufunga. Tukasawazisha 29 kwa 29, wakapiga teke la alama tatu. Mpira wetu wa mwisho, Allen kazingirwa, kaurusha juu kwa Kincaid, umemgonga mikononi umeanguka. Wiki iliyopita mikononi mwa Andrews, jana mikononi mwa Kincaid, mpira huu una kisasi.

Fundi Saa

Pole. Ule mguu wa mwamuzi hata mimi niliuona.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Pole mwanangu. Sasa jibu: ulikuwa uwanjani au ukweni?

Mwana wa Nyarugusu

Bi Mkubwa, hilo tutalizungumza. Kwanza ile yadi moja. Angalieni picha ya kutokea kulia, mpira umevuka mstari, hata baba mkwe anasema umevuka.

Mama Fizi

Baba mkwe!!! Na faini wamekuandikia ngapi?

Jicho la Tatu

Baba mkwe wa Louisville au wa Mwanza?