Mrejesho: Hedseti ya rubani sasa inafanya kazi kwenye kompyuta

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini hedseti yangu ya ndege ndogo, nikiiunganisha na kompyuta nyumbani hapa Dodoma, inatoa sauti masikioni ilhali kipaza sauti chake kiko kimya. Mlionijibu kwamba tatizo ni umeme mlikuwa sahihi kabisa, nami nawashukuru. Kipaza sauti cha aina hii hutegemea volti 8 hadi 16 kutoka kwenye redio ya ndege, na tundu la kompyuta hutoa volti chache tu.

Fundi redio wa Majengo alinilehemea kisanduku chenye betri ya volti 9, rezista ya ohm 470 inayopeleka umeme huo kwenye kipaza sauti, na kapasita inayopitisha sauti huku ikizuia umeme wa betri usiingie kwenye kompyuta. Kapasita hiyo naisisitiza, kwa kuwa anayeiacha anahatarisha kadi ya sauti. Plagi ya kipaza sauti ni nyembamba kuliko ile ya masikioni, yenye milimita 6.35, hivyo tundu lake niliagiza Dar es Salaam.

Sauti inatoka safi, tena kubwa, kiasi kwamba nimepunguza kiwango cha kurekodi kwenye mipangilio ya kompyuta.