Naomba ushauri: wafadhili wanataka risiti, sokoni hakuna risiti

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mtunza hazina wa kanisa dogo huku Kadutu, Bukavu. Kanisa rafiki la Uswidi limetuchangia pesa ya manjanja (mabati), tuezeke. Tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, pesa tunaifuata Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, na kila mkono inakopitia inapungua. Sasa wanadai risiti ya kila kitu. Mama anayetuuzia misumari huandika bei kwenye kipande cha katoni ya sabuni; hiyo ndiyo fakitire yake! Pasta anasema nitengeneze "zinazofanana". Sitaki. Lakini nikiwaeleza ukweli, si watatuona wezi? Mliopitia haya, mliwaandikia namna gani? Wanangoja jibu kabla ya Jumapili.