Siku 6 au miaka bilioni 13.8? Naomba ushauri

Wapendwa habari zenu, naombeni mawazo. Mi ni Mkristo na sayansi naipenda, sasa kijana wangu wa miaka 15 kaniuliza kama ulimwengu una miaka bilioni 13.8 mbona Biblia inasema siku 6. Nikamtajia Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeandika 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, akasema sawa ila padri hajajibu swali (na kweli hajajibu!). Nikasema basi siku ni lugha ya picha, maana hata jua linatajwa siku ya 4, akanigeuzia, je ufufuo nao ni picha? Hapo ndo nikaishiwa. Nyie mpaka kati ya picha na tukio halisi mnauweka wapi, na mnamwelezaje kijana asiache darubini wala maombi?