Tupeane uzoefu: uliwahi kueleza kitu unachokipenda mno, rafiki zako wa mtandaoni wakabaki kushangaa?

Mawimbi49
Habari za jioni wadau. Nianze mimi.

Nina kundi la WhatsApp la watu kumi na wawili tuliojuana kwenye kozi ya intaneti. Tunachangiana misiba, tunaulizana hali, ingawa wengi hatujawahi kuonana. Juzi niliwatumia sauti ya sekunde arobaini: mikwaruzo, mluzi, kisha mtu anasoma kitu kwa lugha nisiyoijua, anafifia, anarudi. Kimya. Baadaye mmoja akaandika, "Kaka, simu yako imeharibika?"

Nikaeleza kwamba kila usiku watoto wakishalala nasikiliza redio ya masafa mafupi. Kwamba mawimbi yale hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakadunda na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Mchana nakaa mita bendi, yaani mafungu ya masafa, za 19 na 25, jua likizama nahamia 41 na 49. Nimetandaza waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, na nina daftari la tarehe, saa, kilohezi na hali ya usikivu. Dada mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini stesheni hizo si zipo kwenye simu, tena bila mikwaruzo?"

Hapo nilikwama. Swali ni la haki. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilitaka kumwambia habari za marehemu baba na redio yake ya betri nne. Saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikifika, nyumba nzima ilinyamaza. Sauti ikififia, baba aliibeba redio hadi mlangoni, akaigeuza kidogo kidogo, na sisi watoto tukabana pumzi mpaka irudi. Sauti ile ilitafutwa. Nikisikiliza kwenye simu, sitafuti chochote.

Mwishowe niliandika "Naipenda tu." Wakaweka vidole gumba. Bado inaniuma, maana nawapenda watu wale. Wenzangu mlifanyaje?

BintiReli
Pole kaka. Mimi ni reli, hasa geji, yaani nafasi kati ya chuma na chuma. Dar es Salaam zipo tatu: reli ya kati ya zamani milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Niliwaambia wenzangu ninaojifunza nao Kifaransa mtandaoni kwamba nimetumia likizo yangu kwenda Kidatu, kuona mahali TAZARA inapokutana na reli ya mita na mizigo inahamishwa kutoka behewa hili kwenda lile. Mmoja akauliza kama nimepata kazi huko. Mwingine akahisi nimemfuata mwanamume.

Nilikaa kimya siku mbili. Halafu nikawaomba kila mmoja alaze vidole vinne mezani, avipige picha, anitumie. Wakatuma! Nikawaambia: upana huo wa vidole, milimita 67, ndio unaozuia behewa kupita. Ile ya mita Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905. TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, ilifuata kipimo cha Zambia na nchi za kusini, kwa sababu huko ndiko tulikotaka kufika. Nani alitutawala, na sisi wenyewe tulitaka kwenda wapi, yote yamo kwenye vidole vinne. Tangu siku hiyo wakisafiri wananipigia picha za reli.

MamaDoti
Mimi kwetu Mombasa, nimeolewa bara. Nina doti themanini na sita za kanga na nyingi sijazivaa hata mara moja. Wenzangu wa mtandaoni niliwaeleza pindo, mji na jina, na kwamba zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" ni za duka lililoanza kwetu mwaka 1887. Kila nilipozidi kueleza, walizidi kudhani nauza. Wakaniuliza bei.

Ipo moja ya mamangu, jina lake "Japo sipati tamaa sikati". Aliinunua miaka ile alipokuwa akiomba mtoto, kabla sijazaliwa. Hiyo sijamweleza mtu kule, wala sitaki. Vingine vyatosha kujua mwenyewe.

MvuaYaVuli
Sina kisa, ila Mawimbi49, nadhani tatizo ni kuwatumia rekodi. Uliwapa kitu ambacho umeshakipata. Wewe mwenyewe umesema unachopenda ni kutafuta.

BintiReli
Hapo umesema kweli kabisa.

Mawimbi49
Nimerudi kuwapa mrejesho. MamaDoti, nimekusoma mara tatu, nakushukuru. Lakini hili la kwangu nilitaka kujaribu tena.

Jana saa tatu usiku nilipiga simu ya kundi, nikaweka simu kando ya redio, nikaanza kuzungusha taratibu mita bendi 49. Walipokea watano. Sikueleza kitu. Robo saa nzima ilikuwa mikwaruzo tu, na wawili wakaaga. Kisha akatokea mwanamke anaimba, mbali sana, hatukujua ni lugha gani. Akafifia. Nikashika kitufe nihamie kwingine, na yule dada wa swali la simu akasema kwa haraka, "Subiri kaka, usiguse. Inarudi."