Ukoo wa Mzee Baharia: maneno 210 kwa siku

JUMAPILI

Da Zuhura 19:04
Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, si kusoma mstari wa kwanza halafu kukimbilia picha.

Da Zuhura 19:07
Novemba inaingia Jumapili ijayo. Kuna jambo wenzetu walilianza 1999 kule San Francisco, Marekani. Walikuwa watu 21 tu. Mwaka uliofuata wakalihamishia Novemba na likabaki hapo. Mtu anaandika hadithi ya maneno 50,000 ndani ya siku 30. Hafuti, harekebishi, anasonga mbele tu. Taasisi iliyokuwa inalisimamia ilitangaza mwaka jana, 2025, kwamba inafunga, lakini kuandika hakuhitaji kibali cha mtu.

Da Zuhura 19:10
Mwaka jana nilijaribu peke yangu, nikaishia siku ya 9. Ni maneno 1,667 kila siku, na nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Sikuweza. Sasa nimepiga hesabu. Tukiwa 8, kila mmoja 210 kwa siku, inakuwa 1,680. Mara siku 30 ni 50,400. Tunavuka na chenji inabaki.

Da Zuhura 19:13
Hadithi iwe ya kwetu. Babu, meli ya Liemba, Ujiji, Kibirizi, Bibi. Na Bibi Alhamisi anapanda treni kwenda Tabora kwa ajili ya macho. Mtu aende akakae naye amrekodi kabla hajaondoka. HILI NDILO LA HARAKA.

Saidi Kibirizi 19:31
Shikamoo dada. Ninao dagaa wakavu, hawana mchanga, wameanikwa kwenye chanja. Ndio wa mwisho kabla ya mbalamwezi. Anayetaka aseme sasa, kesho nawapeleka Mwandiga

Da Zuhura 19:32
Saidi nimeandika jambo hapo juu.

Saidi Kibirizi 19:32
Nimeliona dada. Na mimi nimeandika langu

Mama Mdogo Asha 19:40
Saidi niwekee kisado kimoja

Hamisi Dar 20:15
Maneno 210 ni kama mangapi hivi?

Da Zuhura 20:16
Ukurasa mmoja wa kauntabuku, kwa mwandiko wa kawaida.

Hamisi Dar 20:18
Nikiandika "migebuka" mara 210 inahesabika?

Saidi Kibirizi 20:18
Hao ni wengi kaka, tafuta barafu kwanza 😂😂

Hamisi Dar 20:24
Ila Da Zuhura hapa kuna dhuluma, nasema kweli. "Nitakapomwandikia" ni neno moja. Mwingereza akisema hilohilo anajaza nusu mstari. Maneno 50,000 yake na 50,000 yetu hayalingani. Sisi tutakuwa tumeandika kitabu kirefu zaidi

Da Zuhura 20:29
Ni kweli Hamisi, na mwaka jana hilo ndilo lililonichosha bila kujua. "Hawakumwonea" kwa wenzetu ni sentensi nzima. Ningeweza kushusha tuandike 150. Sitaki. Nataka tufike palepale wanapofika wao, ijulikane tumetembea mbali zaidi.

Saidi Kibirizi 20:33
Basi tuyakate. Ni ta ka po mwa ndi kia. Hayo hapo saba

Saidi Kibirizi 20:33
Kutoka moja mpaka saba, bure kabisa

Hamisi Dar 20:34
😂😂😂 Saidi apewe uhasibu

Mjomba Rajabu 20:52
Saba.

Mjomba Rajabu 20:52
Mnalipenda sana hilo neno.

Da Zuhura 21:03
Mjomba shikamoo.

Mjomba Rajabu 21:09
Marahaba. Wasifu wa Baba uliandika wewe. Ukausoma wewe, Ujiji, mbele ya watu, kipaza sauti kimefunguliwa mpaka barabarani. "Alijaaliwa kupata watoto saba." Leo unataka tukupe habari nyingine za nyumba ile ukazihesabu.

Da Zuhura 21:15
Mjomba niliandika nilichopewa. Karatasi ililetwa usiku na asubuhi watu walikuwa wanachimba kaburi. Sikuwa na wa kumuuliza.

Mjomba Rajabu 21:16
Ulikuwa naye. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pale mlangoni.

Mama Mdogo Asha 21:20
Kaka tuyaache hayo. Humu kuna watoto wanasoma

Mjomba Rajabu 21:21
Watoto ndio wasome.

Hamisi Dar 21:26
Samahanini wakubwa, kwani wa nane alikuwa nani?

Mama Mdogo Asha 21:27
*Ujumbe huu umefutwa*

Saidi Kibirizi 21:34
Jamani nani wa karibu ana turubai?? Wingu linakuja upande wa Kongo na dagaa wako nje wote

Saidi Kibirizi 21:35
Sitanii

JUMATATU

Da Zuhura 06:12
Amkeni salama. Kikundi kina watu 23. Waliosoma 19. Waliokubali mpaka sasa ni mimi na Hamisi. Mjomba, nimesikia ulichosema na sijalala vizuri. Sitalijibu kwa kuandika, nitakuja nyumbani.

Da Zuhura 06:18
Kwa wengine, kazi yenyewe ni hivi. Andika hapahapa kwenye simu. Ukikosea usirudi nyuma, endelea. Usisome ulichoandika jana, ukikisoma utaanza kukisuta na siku itaisha. Mwaka jana mimi siku ya 4 nilirudia ukurasa wa kwanza mara sita, ndipo nilipoanza kuchelewa. Asiyependa kuandika aseme kwa sauti, mimi nitahamishia kwenye daftari. Na BIBI ANAONDOKA ALHAMISI.

Halima Nesi 09:47
Nimetoka zamu sasa hivi. Niandikeni. Wodi huwa inatulia saa tisa usiku, nitapata 210 zangu hapo. Zikikatika katikati ya neno mjue nimeitwa

Da Zuhura 09:50
Allah akulipe Halima. Tuko watatu.

Idrisa 13:22
Shangazi shikamoo. Mimi Novemba hiyohiyo nina mtihani wa kidato cha nne

Da Zuhura 13:25
Marahaba. Wewe umesamehewa kuandika. Lakini unalala kwa Bibi, kurekodi kutakushinda nini?

Idrisa 13:26
Simu yangu imejaa, hairekodi hata dakika moja

Hamisi Dar 13:41
Futa mabao. Baba yako ndiye anasema

Idrisa 13:43
Ni notisi za Baiolojia baba

Saidi Kibirizi 13:44
Baiolojia ya Simba na Yanga

Hamisi Dar 14:30
Da nimejaribu kuanza, nakosa usingizi wa mchana kwa ajili yako. "Babu alikuwa chini kabisa, kwenye injini, siku Wajerumani walipoizamisha Liemba. Maji yakamfika kifuani, akapanda ngazi akiwa ameshika spana ya mwisho..." Nikiendelea hivi nafika 210 nikiwa bado ndani ya maji

Da Zuhura 14:33
Babu hakuwa amezaliwa Hamisi. Ila spana iache, ni nzuri.

Mjomba Rajabu 15:02
Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Ikafunguliwa, ikaletwa kwa masanduku mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe, Julai 1916, na injini waliipaka grisi kwanza kwa kuwa walitarajia kurudi. Waingereza wakaiopoa 1924. 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Baba aliingia 1961, mtia mafuta. Kama mnaandika andikeni sawasawa.

Da Zuhura 15:04
Mjomba hayo peke yake ni robo ya sehemu ya mtu ya siku. Naomba ruhusa niyaweke.

Mjomba Rajabu 15:20
Sijasema nimo.

Mama Mdogo Asha 18:36
Zuhura mimi sikukujibu jana kwa sababu ya yale. Leo nimekaa jikoni nikaandika. Sijahesabu. Usinicheke

Mama Mdogo Asha 18:37
Mwezi ukipotea ndipo kazi inapoanza. Jioni mitumbwi inatoka Kibirizi na karabai zake, na usiku ukishakuwa mzito ziwa lote linawaka kama kuna mji katikati ya maji. Nilikuwa na miaka tisa, nikidhani zile taa ndiyo Kongo yenyewe. Alfajiri tunawahi na ndoo. Dagaa wakishuka wana rangi ya fedha, na mikono inanuka mpaka Ijumaa. Mama alikuwa anawaanika mchangani, chanja hazikuwepo, na mimi nina fimbo nafukuza kunguru na kuku wa jirani. Lakini Mama hakuwahi kuingia mtumbwini. Hata ukiwa umevutwa nchi kavu, hata ukiwa umefungwa, watoto tukicheza ndani yake anasimama mbali anatuita kwa majina, mmoja mmoja. Akifika wa mwisho anaanza tena upya. Na kila akianza upya alikuwa ananyamaza kidogo kabla ya jina la Rajabu. Mimi nilidhani anasahau.

Halima Nesi 18:44
Mama Mdogo 😭

Hamisi Dar 18:51
Mimi nafuta ya spana

Da Zuhura 18:52
Usifute. Tumeshakubaliana hakuna kufuta.

Da Zuhura 18:53
Mama Mdogo nimekusoma mara mbili na kanuni yangu nimeivunja. Wewe ni wa nne.

Saidi Kibirizi 19:05
Turubai nilipata la kuazima, lina tundu. Nusu ya dagaa wamelowa

Idrisa 20:11
*Ujumbe wa sauti, 2:38*

Idrisa 20:12
Ni Bibi. Amesema niwatumie wote, na niandike kwa wasioweza kusikiliza

Idrisa 20:29
"Idrisa kanisomea mliyoyaandika, hata lile lililofutwa aliliwahi. Rajabu, mwanangu. Zuhura hana kosa. Usiku ule wa msiba walikuja na karatasi wakaniuliza, mama, watoto ni wangapi. Nikasema saba. Mimi. Mdomo ulikataa kufika nane. Ningesema nane wangeniuliza wa nane yuko wapi, na mimi ndio naingia eda, sikuwa na nguvu ya kusimulia habari za Lagosa. Meli pale ilikuwa haigusi ufuko. Mtumbwi ndio unakwenda kuipokea, usiku, na taa ni moja. Rajabu ulikuwa mgongoni kwangu. Issa nilimshika mkono. Basi. Yaliyobaki nitamwambia atakayekuja tukae uso kwa uso, si kwenye simu. Jina lake liandikwe la kwanza. Kabla ya Babu yenu, kabla ya hiyo meli. Na msidhani mtanidanganya, mimi kisomo nilihitimu 1973. Macho yakipona nitasoma mwenyewe nione kama limeandikwa."

Halima Nesi 20:40
Bibi shikamoo. Nimesikia

Mama Mdogo Asha 20:58
Mama.

Hamisi Dar 21:17
Poleni wakubwa wangu. Mimi nimeuliza jana kama utani, sikujua. Naomba radhi kwa Bibi na kwa Mjomba

Mjomba Rajabu 21:40
Mama, nimesikia.

Mjomba Rajabu 21:58
Kesho nitakuja baada ya Isha.

Da Zuhura 22:01
Mjomba, nije na mimi?

Da Zuhura 22:34
Nitaandika kwa mkono, sitaongea.

Halima Nesi 22:50
Ila mtarekodi kwa simu gani? Sauti ya Bibi tuwe nayo jamani, daftari peke yake halitoshi. Mimi kesho nipo zamu

Saidi Kibirizi 22:56
Yangu ina nafasi ila iko kwa fundi mpaka Jumatano

Da Zuhura 22:58
Jumatano Bibi anafunga mizigo.

JUMANNE

Idrisa 05:48
Assalaam alaykum. Bibi ameamka, anauliza leo usiku mnakuja wangapi, asonge ugali wa muhogo wa kutosha au tukanunue mkate tu

Saidi Kibirizi 06:20
Mimi nipo

Da Zuhura 06:22
Saidi, ni kwa kusikiliza au kwa kula?

Saidi Kibirizi 06:25
Dada mimi mtumbwi nimeingia nina miaka kumi na mbili, na kila nikitoka usiku Bibi alikuwa ananitumia mtu kuniuliza kama nimerudi. Nakuja kusikiliza. Dagaa nitaleta, wale ambao hawakulowa

Mama Mdogo Asha 06:31
Na kisado changu?

Saidi Kibirizi 06:31
Ndio hao hao Mama Mdogo

Da Zuhura 06:40
Idrisa mwambie Bibi mimi na Saidi, na Mama Mdogo akipata usafiri wa kutoka Gungu. Mjomba sijajua kama ametukubalia au anataka awe peke yake na Mama yake, na akitaka hivyo ni haki yake, tutakaa nje. Waandishi bado ni wanne. Nafasi nne ziko wazi mpaka Jumamosi, nimeziandika kwenye daftari na namba.

Da Zuhura 06:41
Mjomba, simu yako ina nafasi?