MJADALA: Kitabu cha kiwavi mlafi kinafaa kwenye chekechea zetu Kigoma?

Wakuu, habari za jioni. Kikao cha wazazi kwenye chekechea moja hapa Kigoma mjini kimeisha kwa kelele, nikaona nilete mada huku. Shule imepewa The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha picha cha Mmarekani Eric Carle kilichotoka 1969. Kiwavi anaanguliwa, Jumatatu anatoboa tufaha 1, Jumanne mapea 2, Jumatano plamu 3, Alhamisi stroberi 4, Ijumaa machungwa 5. Jumamosi anabugia keki, aiskrimu, jibini, salami (soseji nene ya kukatwa vipande) na makorokoro kibao, usiku tumbo linamkata. Jumapili jani bichi, anapona. Baadaye anakuwa kipepeo.

Kuna wazazi wanataka kisomwe kama kilivyo, wengine kiwekwe kando kwa sababu mtoto wa hapa hajawahi kuona pea. Mimi nasema kisomwe, ila mwalimu asikifanye msahafu. Utamu wake uko kwenye yale matundu, maana karatasi imetobolewa kweli. Nimemwona mtoto wa miaka minne akichomeka kidole tunda moja baada ya jingine, anahesabu mwenyewe, halafu anageuza ukurasa aone kidole kimetokea wapi. Hakuna aliyemwambia. Pea na stroberi waite embe na pera, hesabu haiharibiki. Jumamosi iruke. Mwalimu alihangaika kueleza salami mpaka watoto wakaanza kuvutana mashati.

*Mchangiaji wa Ujiji:*
Mkuu, hapo kwenye Jumamosi nakupinga. Ukiiruka, tumbo litamuuma kwa kula nini? Na watoto wanacheka hapo hapo, hata kwa vyakula wasivyovijua. Mbona twiga anasomwa Ulaya na watoto ambao hawajamwona?

*Mchangiaji wa Kasulu:*
Huku kwetu kiwavi ni adui, jamani. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017, watoto tunaenda nao shamba kuwaponda kwenye mahindi. Wangu alisikiliza hadithi yote, akauliza mbona hawakumpulizia dawa. Na wale wetu hawawi vipepeo, wanakuwa nondo. Mwalimu aseme na hilo.

*Mwalimu wa awali, Uvinza:*
Mnabishania stroberi! Darasani kwangu watoto wamepita themanini, nakala moja. Wa nyuma wanaona jalada tu. Nimemchora kiwavi kwenye mifuko ya saruji, nikatundika ukutani, kila mtoto anapita kuchomeka kidole.

*Mleta mada:*
Wa Ujiji, twiga ana picha ya kueleweka. Salami kwenye picha ni duara jekundu, mtoto anaona nini? Mwalimu, hongera. Matundu hayachaniki? Na Jumamosi umeichora?

*Mwalimu wa awali, Uvinza:*
Nabandika boksi kwa nyuma, nazungushia wembe kwenye kizibo cha soda. Jumamosi ipo: maandazi, sambusa, ubuyu, pipi na soda baridi. Hapo hakuna anayeuliza kwa nini tumbo liliuma.