Wakuu, transpozi na bit za kinanda ni ufundi au ujanja ujanja? Naombeni ushauri

KodiTatu
Salamu wakuu. Mimi ni mpiga kinanda, Jumapili kanisani, Jumamosi nikipata sendofu au harusi naenda. Nimejifunza mwenyewe kwa kuibia macho, na niseme ukweli naijua ki (ngazi ya sauti wimbo unapokaa) ya C na F shapu tu, kwingine kote natembea na kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti zote huku vidole viko palepale. Nawasha staili (ndo bit yenyewe), mkono wa kushoto kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, wa kulia solo, besi na ngoma mashine inajipigia, maisha yanaenda.

Sasa Jumamosi iliyopita kwenye sendofu moja huku Mbagala binti anaingia ukumbini watu wote makofi, na mimi nikajisahau nikainua mikono yote miwili nikapiga makofi, muziki ukaendelea wenyewe kama kawa. Emsii akaona, akasema kwenye maiki "jamani mpiga kinanda kaenda kunywa chai kinanda kimebaki kazini". Ukumbi mzima kicheko. Nikacheka nao ila iliniingia, na wakati wa malipo mtu wa kamati ananiambia eti ningewaletea flashi ya nyimbo tu ingetosha.

Juzi tena mwalimu mpya wa kwaya, kijana kasomea muziki, kasema kwenye jubilei ya parokia hataki staili wala transpozi. Zimebaki wiki tano. Nyimbo nne, mbili ziko F, moja D, moja E flati. Nikaze au nimpishe mtu? Na hivi kweli hivi vitufe vinatushusha?

BesiKavu
Hahaha pole mkuu, emsii hana dogo. Angalia kama kinanda chako kina sinki stopu, ukiiwasha ukiinua mkono wa kushoto bit inakata palepale, ukishika tena inaanza. Na huyo wa kamati mwambie flashi haijui binti kachelewa mlangoni dakika tatu, staili inangoja kodi ya mkono wako, flashi ndo wewe unaikimbiza.

Mzee wa Harmoniamu
KodiTatu mwanangu, mimi nilianza na kinanda cha kukanyaga, miguu miwili inasukuma upepo na mikono inapiga, misa ya saa mbili ukitoka magoti yanalia. Zamani huko Ulaya ogani kubwa ilikuwa na mtu nyuma anavuta mivukuto, umeme ulipokuja yule mtu akapumzika, na mpiga ogani bado tunamwita fundi. Kwa hiyo mashine kukusaidia si tatizo. Nakuuliza wewe, siku kitufe kikifa unabaki na nini?

Drama_la_Ngozi
Mi napinga kabisa. Staili haina masikio. Pambio likipamba moto watu wenyewe wanaanza kuongeza mwendo, mpiga drama, yaani ngoma, anawafuata, mashine iko palepale kama ilivyowashwa, unaanza kuhangaika na kitufe cha tempo huku mkono mmoja umeacha solo. Na transpozi ndo usiseme, nimeshakaa na jamaa kaisahau kwenye +2 wimbo uliopita, gitaa liko G yeye anapiga G yake inatoka A, kanisa zima limekunja sura kama limekula ndimu.

Fidla wa Mji Mkongwe
Yakhe Drama, usiseme vitufe vyote. Sie wa taarabu kinanda cha kawaida hakitutoshi hata ukiwa fundi namna gani, maana baina ya E na E flati mna sauti nyengine ya robo toni, ndo maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati zinapokaa. Fidla na udi unaikamata kwa kidole, kwenye kinanda hamna kitu cha kukamata. Vinanda vilotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu unashusha noti moja kwa senti 50, yaani nusu ya nusu toni, ukaipata. Hapo kitufe ndo kimeleta muziki wenyewe. Lakini lazima ujue wapi maqamu inahama ukizime kwa wakati, kuna watu wanasahau nyimbo ikaenda upogo kabisa.

Shapu Tupu
KodiTatu usijione mdogo. Irving Berlin, mtunzi mkubwa wa Marekani aliyefariki 1989 akiwa na miaka 101, alikuwa anapiga F shapu karibu muda wote, ana piano ina wenzo wa kuhamisha ki. Transpozi hiyohiyo ila ya mbao na chuma 😂

Mzee wa Harmoniamu
Yeye aliajiri watu wa kumwandikia nota, huyu ana mwalimu wa kwaya. Mwanangu sikiliza, nota zenu si ni za do re mi? Pale juu pameandikwa Do ni F, au Do ni D. Basi akili yako imeshazoea do kuhama, vidole tu ndo havijahama. Acha kuwaza majina ya kodi, waza do, fa na sol, zitafute hizo tatu kwenye F wiki ya kwanza, polepole, bila bit. D ifuate. E flati iachie wiki mbili nzima.

KodiTatu
Wakuu mrejesho, wiki ya tatu sasa. F imekaa, nimeshangaa kumbe tofauti na C ni ile B flati tu inayonisumbua. D inakuja. E flati inanitoa jasho, nikamwomba mwalimu tuishushe iwe D kakataa, eti waimbaji wa besi watachimba kisima. Jubilei napiga mwenyewe nimeshamwambia. Harusini staili siachi, nani atanilipia mpiga drama na besi?

BesiKavu
Safi. Sinki stopu uliipata?

KodiTatu
Changu hakina mkuu. Makofi ndo nimeacha.